Mchimbaji na Mkaaji: -a Unganifu na Asili ya Vyumba vya Chini ya Ardhi katika Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna Kiswahili kinavyoeleza asili ya mashimo na vyumba vilivyochimbwa au kujengwa kwa mkono chini ya ardhi. Inadaiwa kwamba sehemu ya fumbo linalozunguka vyumba hivyo haitokani na ukosefu wa ushahidi wa kihistoria, bali inatokana na miundo ya lugha inayotumika kuvitaja: -a unganifu, kauli ya kutendwa isiyotaja mtenda, na kitenzi inasemekana. Mifano inatoka Simiyu, Kilimanjaro, nyanda za juu za magharibi mwa Kenya na Unguja. Mwishoni mwa makala panajadiliwa chumba cha Mkunazini, ambako utata wa kisarufi umegeuka kuwa mgogoro wa kihistoria.

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa Wasukuma kuna chama cha jadi cha wawindaji wa nungunungu kijulikanacho kwa jina la Bununguli. Wawindaji hao huingia kwa kutambaa katika mashimo ya mnyama huyo, na kazi hiyo ya hatari imezaa nyimbo ambazo baadhi yake zimo katika mkusanyo wa nyimbo za kazi za Wasukuma uliotolewa na Frank Gunderson mwaka 2010. Kwa msemaji wa Kiswahili wa Bariadi, Maswa au Meatu, katika eneo ambalo tangu mwaka 2012 ni Mkoa wa Simiyu, fungu la maneno shimo la nungunungu halina utata wowote. Ni shimo ambamo nungunungu hujificha mchana na kutoka usiku kwenda kutafuta mizizi na kuharibu mashamba ya watu.

Hata hivyo, mara nyingi shimo hilo halikuchimbwa na nungunungu. Mchimbaji wake ni muhanga, mnyama alaye mchwa, mwenye kucha zinazoweza kupasua ardhi ngumu. Muhanga akilihama shimo, nungunungu hulitwaa na kulipanua. Baada yake huenda akaingia ngiri au fisi. Shimo ni lilelile, lakini jina hubadilika kila apatikanapo mkaaji mpya: shimo la muhanga, shimo la nungunungu, shimo la fisi. Atakayefika mwishoni na kulikuta likiitwa shimo la fisi hatakuwa amedanganywa. Lakini akihitimisha kwamba fisi ndiye aliyelichimba, kosa litakuwa lake mwenyewe, kwani jina halikudai hivyo.

Mfano huo wa porini ndio msingi wa makala haya. Katika Afrika Mashariki kuna mashimo, mahandaki na vyumba vya chini ya ardhi ambavyo asili yake imekuwa mada ya ubishi. Kwa kawaida ubishi huo huachiwa wanahistoria na wanaakiolojia. Hoja inayotolewa hapa ni kwamba mwanaisimu naye ana la kusema, kwa sababu swali la nani alichimba limekuwa likijibiwa, bila wasemaji kutambua, na sarufi ya jina.

2.0 Miundo Mitatu Inayoficha Mtenda

2.1 -a unganifu

Inafahamika katika sarufi ya Kiswahili kwamba -a unganifu huunganisha nomino mbili bila kubainisha aina ya uhusiano uliopo baina yake. Kitabu cha Juma chaweza kuwa ni kitabu ambacho Juma amekinunua, amekiandika, au kinachomhusu. Mazungumzo ya kila siku hayaathiriwi na utata huo, kwa kuwa wazungumzaji wanaijua hali inayozungumzwa. Tatizo huanza pale hali hiyo inapokuwa imetoweka na jina peke yake likabaki.

Kwa upande wa vyumba vya chini ya ardhi, fungu la maneno chumba cha X laweza kufasiriwa kwa njia zisizopungua tano:

(a) chumba kilichochimbwa na X (mchimbaji);
(b) chumba kilichochimbwa kwa amri ya X au kinachomilikiwa na X (mwenye mali);
(c) chumba kilichokusudiwa kwa ajili ya X (kusudi);
(d) chumba alimokaa au alimowekwa X (mkaaji);
(e) chumba ambamo X hukumbukwa (kumbukumbu).

Kisukuma kinatoa ulinganisho unaofaa. Majina mengi ya vijiji vya Simiyu yanayoandikwa kwa Mwa- katika Kiswahili hutamkwa kwa Ng'wa- katika Kisukuma, na maana yake ni mahali pa mtu fulani. Nayo majina hayo hayasemi kama huyo fulani ndiye aliyefyeka pori kwanza, au alikuwa mtawala wa pale, au alikuwa tu mtu mashuhuri ambaye wapita njia walimtumia kuelekezana. Maarifa hayo hubaki kwa wazee. Wazee wakiisha kuondoka, jina huendelea kumtaja mtu, lakini haliwezi tena kueleza alichokifanya.

2.2 Kauli ya kutendwa isiyo na mtenda

Muundo wa pili ni kauli ya kutendwa. Sentensi kama Chumba hiki kilichimbwa zamani ni kamili kisarufi ijapokuwa haina mtenda, kwani kirai na fulani chaweza kuachwa bila kosa lolote. Maelezo mengi ya mahali pa kale huandikwa kwa mtindo huu. Msomaji huona kitenzi cha tendo na kuamini kwamba amepewa habari za tendo, kumbe aliyetenda ameachwa nje. Pengo hilo hujazwa haraka na jina lililo karibu zaidi, ambalo kwa kawaida ni lile linalofuata -a unganifu.

2.3 Inasemekana

Muundo wa tatu ni kitenzi inasemekana, pamoja na umbo lake la yasemekana. Kiambishi i- hapa hakirejelei nomino yoyote, na msemaji hajulikani. Msimulizi wa jadi hakuwa na desturi ya kujificha namna hii. Alisema alisikia kwa babu yake, ambaye naye alisikia kwa fulani, na msikilizaji aliweza kuupima mnyororo huo. Inasemekana hukata mnyororo. Baada ya kurudiwa mara kadhaa, nayo hudondoka, na kilichokuwa tetesi husimama kama taarifa.

3.0 Pale Mchimbaji Alipo Mkaaji, na Pale Asipojulikana

Ziko hali ambazo -a unganifu haileti matata kwa sababu maana zake zinakutana. Mahandaki ya Wachaga katika upande wa Vunjo, hasa Kilema na Marangu, ni mfano ulio wazi. Yalichimbwa na Wachaga wenyewe ili kuwaficha watu na mifugo wakati wa mashambulizi ya Wamasai na vita baina ya watawala wa mlima huo. Henry Fosbrooke aliyaeleza katika miaka ya 1950 alipoandika juu ya njia za kujihami za makabila ya kaskazini mashariki mwa Tanganyika. Wenyeji husimulia kwamba udongo ulitupwa mtoni ili adui asiuone, na kwamba mlango ulifanywa mwembamba ili anayeingia alazimike kuinama na kupigwa kichwani kabla hajasimama. Hapa mchimbaji, mwenye mali na mkaaji ni watu walewale. Neno handaki, lenye asili ya Kiarabu khandaq, halikuongeza fumbo lolote. Simulizi zimebaki na mtenda wake.

Hali ni tofauti katika nyanda za juu za magharibi mwa Kenya. Huko kuna maelfu ya mabonde madogo ya mviringo yaliyochimbwa kwenye miteremko, yajulikanayo kama mashimo ya Wasirikwa. Katika masimulizi ya Wakalenjini, Wasirikwa ni watu waliotangulia kuikalia nchi hiyo kisha wakatoweka. Baadhi ya mashimo hayo yapo Hyrax Hill, pembezoni mwa Nakuru, mji uliopewa hadhi ya jiji mwaka 2021. Mary Leakey alichimbua mahali hapo mwaka 1937 na 1938, na kwa muda mrefu iliaminika kwamba mashimo yalikuwa makazi, yaani nyumba zilizozama ardhini. Ni utafiti wa baadaye, hasa wa J.E.G. Sutton, ulioonyesha kwamba yalikuwa mazizi ya ng'ombe, na kwamba nyumba za watu zilijengwa kando yake. Utamaduni huo uliendelea takribani kati ya karne ya 13 na ya 18.

Katika fungu la maneno mashimo ya Wasirikwa, nafasi ya mkaaji ilijazwa na binadamu kwa sababu jina lililofuata -a lilikuwa la watu. Kumbe waliolala shimoni walikuwa ng'ombe. Jina halikuwa la uongo, kwani mashimo yalikuwa mali ya watu waliokumbukwa kwa jina la Wasirikwa. Kosa lilikuwa kuisoma maana (b) kana kwamba ni maana (d).

4.0 Mangapwani: Chumba Kimoja, Unganifu Mbili

Kisiwani Unguja, kaskazini ya mji wa Zanzibar kwenye pwani ya magharibi, ipo Mangapwani. Jina lenyewe ni muungano wa Manga, neno la zamani kwa nchi ya Arabuni na hasa Omani, na pwani. Mahali hapo pana vitu viwili ambavyo wageni huvichanganya. Cha kwanza ni pango la asili katika mwamba wa matumbawe, lenye maji matamu ndani yake. Husimuliwa kwamba liligunduliwa na kijana mtumwa aliyekuwa akimtafuta mbuzi wake aliyepotea. Cha pili ni chumba kilichochongwa katika mwamba huohuo na kufunikwa kwa paa, karibu na bahari.

Tofauti ya vitu hivi inaonekana mara moja katika vitenzi vinavyoweza kutumika. Pango lilitokea; chumba kilichongwa. Kitenzi chonga hudai mkono na chombo, na kwa hiyo hudai mtenda. Masimulizi ya mahali hapo humtaja Mohammed bin Nassor al-Alwi kuwa ndiye aliyeufanyiza mnamo miaka ya 1880 ule uficho wa watumwa, baada ya mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 ambao Sultani Barghash bin Said alitia saini na Waingereza kukomesha usafirishaji wa watumwa kwa bahari na kufunga masoko yao ya hadhara. Biashara iliyokatazwa juu ya ardhi ilihitaji mahali pa siri, na umbali wa Mangapwani kutoka mjini uliifaa haja hiyo.

Chumba hiki kwa hiyo chaweza kuitwa chumba cha Mohammed bin Nassor, kwa maana (b), na pia chumba cha watumwa, kwa maana (c) na (d). Majina yote mawili ni sahihi kisarufi, lakini lililoenea ni la pili, na kwa hilo mwenye mali amepungua katika kumbukumbu. Na wale walioshika sululu na kuuchonga mwamba, yaani wachimbaji wa maana (a), hawamo katika jina lolote kati ya hayo mawili. Ni jambo la kuzingatiwa kwamba katika mifano yote iliyotajwa, nafasi ya mchimbaji ndiyo inayopotea kwanza pale mchimbaji anapokuwa si mwenye mali.

5.0 Mkunazini: Jina Lililotangulia Asili

5.1 Mgogoro

Mfano mgumu kuliko yote upo katikati ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, katika mtaa wa Mkunazini. Jina la mtaa linatokana na mti, mkunazi, pamoja na kiambishi cha mahali -ni. Halina habari yoyote ya utumwa, ingawa soko kubwa la watumwa la Zanzibar lilikuwa hapo hadi lilipofungwa mwaka 1873. Kiwanja chake kilifika mikononi mwa misheni ya UMCA, na siku ya Krismasi ya mwaka huohuo liliwekwa jiwe la msingi la kanisa kuu. Msimamizi wa kazi hiyo alikuwa Askofu Edward Steere, ambaye wanafunzi wa Kiswahili wanamjua zaidi kwa kitabu chake cha sarufi na mkusanyo wake wa hadithi za Kiswahili, vyote vya mwaka 1870. Alifariki mwaka 1882.

Jirani na kanisa hilo lipo jengo ambalo chini yake wageni huonyeshwa vyumba viwili vyenye dari la chini, mabaraza ya mawe, matundu madogo ya mwanga na minyororo. Vimejulikana duniani kama vyumba vya watumwa, na maelezo ya kawaida husema kwamba watumwa walisongamanishwa humo wakingoja kunadiwa. Tatizo ni la tarehe. Jengo lililo juu ya vyumba hivyo lilijengwa na misheni kwa ajili ya hospitali katika miaka ya 1890, takribani miongo miwili baada ya soko kufungwa. Kwa sababu hiyo wanahistoria wameitilia shaka asili inayosimuliwa, wakiviona vyumba hivyo kuwa ni sehemu ya chini ya jengo la hospitali, iliyofaa kuwekea vitu.

5.2 Uchambuzi

Vikitazamwa kwa jedwali la maana tano, vyumba vya watumwa vya Mkunazini haviwezi kusimama kwa maana (c) wala (d) ikiwa vilijengwa pamoja na hospitali. Vinaweza kusimama kwa maana (e) tu: vyumba ambamo watumwa hukumbukwa. Maana hiyo si dhaifu. Watu waliuzwa katika kiwanja hichohicho, na mgeni anayeinamisha kichwa kuingia humo anainama juu ya ardhi iliyokanyagwa nao. Lakini -a unganifu haina alama ya kuitofautisha kumbukumbu na matumizi. Kilichoanza kama chumba cha kuwakumbuka watumwa kinaweza, bila badiliko la herufi hata moja, kusikika kuwa chumba walimofungiwa.

Jambo la namna hiyo si la Zanzibar peke yake. Katika kitongoji cha Chislehurst, kusini mashariki mwa London, kuna njia za chini ya ardhi zenye urefu wa takribani kilomita 35, zilizochongwa kwa mkono katika mwamba wa chokaa. Mwaka 1903 William Nichols alitoa nadharia kwamba zilichimbwa kwa zamu na makuhani wa kale waitwao Druid, kisha Warumi, kisha Wasaksoni. Sehemu tatu za mapango zikapewa majina ya watu hao, na majina hayo yangali yakitumiwa na waongozaji wa wageni, ijapokuwa imedhihirika kwamba zilikuwa machimbo ya chokaa na mawe ya gumegume, yaliyofanyiwa kazi kuanzia zama za kati hadi karne ya 19. Hapa tena aliyepotea ni mchimbaji halisi, kibarua wa machimbo, ambaye hakuwa na fahari ya kutosha kupewa unganifu.

Hata hivyo, kuna tofauti kubwa baina ya Chislehurst na Mkunazini. Chislehurst, nadharia ikianguka, hakuna anayeumia. Mkunazini, anayethibitisha kwamba chumba kilikuwa cha hospitali anaweza kusikika kana kwamba anakana mateso yaliyotokea mtaani hapo. Na mwingine mwenye nia mbaya anaweza kuitumia tarehe ya jengo kudai kwamba habari zote za utumwa wa Zanzibar zilitungwa. Madai yote mawili yanatokana na kosa moja la ufasiri, yaani kufikiri kwamba maana (d) ikianguka, (e) nayo huanguka, na kwamba chumba kikikosa kuwa ushahidi, soko nalo hukosa kuwapo. Soko halitegemei chumba. Linathibitishwa na mkataba uliolifunga, na na kanisa lililojengwa makusudi juu ya kiwanja chake.

5.3 Pendekezo la istilahi

Kiswahili kina nyenzo za kutosha kuondoa utata huu pasipo kuzua maneno mapya. Kwanza, vishazi tegemezi vya urejeshi hubainisha kile ambacho -a huficha: chumba walimofichwa watumwa yafaa kwa Mangapwani, na chumba wanamokumbukwa watumwa yafaa kwa Mkunazini. Tofauti ya li na na katika vitenzi hivyo viwili inabeba tofauti yote ya kihistoria. Pili, vitenzi vya uumbaji vitumike kwa uangalifu: tokea kwa pango la asili, chimba kwa shimo la ardhini, chonga kwa chumba cha mwambani, jenga kwa chumba kilicho chini ya jengo. Anayesema kwamba vyumba vya Mkunazini vilichongwa tayari amevipa asili ya Mangapwani. Tatu, inasemekana isitumike pasipo kumtaja msemaji, awe mzee wa mtaa, mwongozaji wa wageni au mwandishi.

6.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba fumbo la asili ya vyumba vya chini ya ardhi lina upande wa kiisimu. -a unganifu huhifadhi uhusiano na kupoteza aina yake; kauli ya kutendwa huhifadhi tendo na kumpoteza mtenda; inasemekana huhifadhi habari na kumpoteza msemaji. Miundo yote mitatu ikikutana juu ya shimo moja, asili mpya huweza kuzaliwa bila mtu yeyote kukusudia kusema uongo.

Kwa mtafiti chipukizi anayekwenda kukusanya masimulizi, matokeo ya uchunguzi huu ni ya kivitendo. Swali shimo hili ni la nani? halitoshelezi, kwa kuwa litaleta jibu lenye utata uleule wa swali. Yapasa yaulizwe maswali manne mbalimbali: nani alichimba, nani aliamuru, nani alikaa, na nani anayesimulia. Majibu ya maswali hayo yakitofautiana, tofauti hiyo isisawazishwe katika tafsiri wala katika muhtasari, kwani ndiyo data yenyewe.

Mwindaji wa nungunungu kule Simiyu hulazimika kuifahamu tofauti hii kwa usalama wa mwili wake. Huliita shimo la nungunungu, kama watu wote wanavyoliita, lakini kabla ya kuingiza kichwa huzitazama nyayo mlangoni, kwa sababu jina la shimo halimhakikishii ni nani aliyemo ndani leo. Uangalifu wa namna hiyohiyo unahitajika kwa msomi anayesimama mbele ya mlango wa chumba cha kale, akiwa na jina la chumba mkononi na tarehe zake bado hajazisoma.